Mama anakuja New York: je, bado ninaweza kutaja bei yangu ya hoteli?

Swali: "Ninaishi Columbus, Ohio, na ninafanya kazi katika ghala. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, anakuja kutoka Tanga kwa mara ya kwanza, na mwezi Oktoba nitampeleka New York kwenye harusi ya mtoto wa shangazi, itakayofanyika Bronx siku ya Jumamosi. Tutakuwa watatu: mimi, mama na mwanangu wa kiume wa miaka 15. Tutasafiri kwa gari langu, tutafika Ijumaa jioni na kuondoka Jumanne asubuhi. Nimetenga dola 800 za malazi. Mzee mmoja kazini ameniambia kwamba ipo tovuti ambayo mtu anataja bei anayoitaka mwenyewe, na kwamba yeye aliwahi kulala kwenye hoteli ya nyota nne katikati ya New York kwa dola 70. Nimetafuta pa kutajia bei sijapaona. Ninachokiona ni hoteli zisizo na majina, ambazo nikishalipa sirudishiwi fedha. Je, huu ni utapeli? Na kama si utapeli, nifanyeje nami nipate bei ya namna ile? Nina kadi ya debiti tu, na magoti ya mama si mazuri."

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kinachokusumbua si bei peke yake. Unaogopa kulipa zaidi ya uwezo wako kwa sababu tu kuna mlango ambao wenzako wanaujua na wewe huujui. Wakati huohuo unaogopa kumfikisha mama mbele ya meza ya mapokezi, amechoka na safari, halafu ukaambiwa kwamba chumba ulicholipia sicho ulichokidhania. Hofu zote mbili zina msingi, na kwa bahati mbaya zinavutana: kila hatua itakayokupunguzia ya kwanza huenda ikakuongezea ya pili. Ndiyo maana nitachukua nafasi kukueleza jinsi bei hizi zinavyotengenezwa, kwa sababu ukishaelewa kinachouzwa pale, uamuzi utakuwa mwepesi.

Nianze na mzee wa kazini kwako, ambaye hakukudanganya. Tovuti aliyoitumia bila shaka ni Priceline, iliyoasisiwa na Jay Walker katika jimbo la Connecticut na kufunguliwa kwa umma mwaka 1998, kwanza kwa tiketi za ndege kisha kwa vyumba vya hoteli. Utaratibu wake ulikuwa mpya kiasi kwamba Walker na wenzake waliupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu, mwaka huohuo. Msafiri alichagua jiji, akachagua eneo ndani ya jiji, akachagua idadi ya nyota, kisha akaandika bei anayokubali kulipa kwa usiku mmoja pamoja na namba ya kadi yake. Dau likikubaliwa, fedha zilikatwa papo hapo na jina la hoteli likafunuliwa baada ya malipo. Likikataliwa, hakupoteza chochote, ila hakuruhusiwa kurudia ombi lilelile mpaka zipite saa 24, isipokuwa kama atabadilisha kitu, kwa mfano kuongeza eneo lingine au kushusha idadi ya nyota.

Watu wengi waliita utaratibu huo mnada, na hilo ni kosa la kwanza ninalotaka kulisahihisha, kwa sababu bado linawapotosha watu. Katika mnada wanunuzi hushindana wao kwa wao na dalali hupandisha bei. Hapa hukushindana na mtu yeyote. Wala hapakuwa na meneja wa hoteli aliyekaa mahali akilisoma dau lako na kujiuliza kama akuhurumie. Hoteli zilikuwa zimeshaweka bei zao za siri ndani ya mfumo mapema, kwa kila tarehe, na kompyuta iliangalia tu kama ipo hoteli ya eneo na nyota ulizotaja ambayo bei yake ya siri iko chini ya dau lako. Ikiwepo, umepata. Tuseme hoteli imeweka dola 62 na wewe umetaja 70: ulilipa 70, hoteli ikachukua 62, na tofauti ikabaki kwa tovuti. Ulifanana na mtu anayepatana bei dukani Kariakoo huku kitambaa kikiwa kati yake na muuzaji. Hauoni uso wake, naye haoni wako, na neno lako la kwanza ndilo la mwisho.

Kwa hiyo ustadi wote ulikuwa katika kuanza chini na kupanda polepole bila kusubiri zile saa 24. Wazoefu walikuwa na mbinu moja. Waliangalia ni maeneo gani ya jiji hayana kabisa hoteli ya nyota nne, kisha kila dau lao lilipokataliwa waliongeza eneo mojawapo kati ya hayo. Mfumo ulihesabu kwamba ombi limebadilika na kuwaruhusu kutaja bei tena, lakini hapakuwa na hatari ya kupelekwa kule, kwa kuwa nyota walizotaka hazikuwepo kule. Mtu mvumilivu aliweza kupandisha dau mara tano au sita jioni moja, dola tano tano, mpaka likanasa. Nadhani mzee wako alikuwa mmoja wao, na dola zake 70 naziamini kabisa, hasa kama alikwenda mwezi Januari au Februari, miezi ambayo vyumba vya New York huwa rahisi kuliko miezi mingine yote.

Sasa, kwa nini hoteli nzuri ikubali kuuza chumba kwa bei ya kutupa? Nimefanya kazi miaka kadhaa katika idara ya uhifadhi wa vyumba, na ningependa ulione jambo hili kama tulivyoliona sisi tuliokaa nyuma ya meza. Inapofika saa mbili usiku, kwenye kompyuta unaona idadi ya vyumba vilivyobaki wazi, tuseme 41. Vyumba hivyo si magunia ya mchele ambayo yasipouzwa leo yatauzwa kesho. Usiku wa leo ukipita bila mtu, umepita. Umeme, mishahara, mkopo wa jengo, vyote vimeshalipiwa au vitalipwa vivyo hivyo, na kumlaza mgeni mmoja zaidi kunagharimu kufua mashuka, sabuni na dakika chache za mfanyakazi wa usafi. Kwa hesabu hiyo, hata dola 60 ni faida.

Tatizo ni kwamba hoteli haiwezi kuitangaza hiyo dola 60 hadharani. Mgeni wa kampuni aliyelipa dola 240 kwa sababu lazima alale mtaa ule, karibu na mkutano wake, ataiona na kuuliza kwa nini yeye atozwe 240. Kampuni zilizosaini mkataba wa bei ya mwaka mzima zitataka mkataba ufunguliwe upya. Na mteja akishazoea kuona bei ya chini huwa hataki tena kulipa ya juu. Njia ya kutoka ni kuuza chumba hicho bila jina. Mfanyabiashara mwenye mkutano hatakubali kulipa kabla ya kujua analala wapi, hivyo ataendelea kulipa bei kamili. Mtalii mwenye bajeti finyu, ambaye kwake hoteli yoyote safi ya eneo lile inatosha, atakubali. Kwa hiyo kuficha jina si ujanja wa kuficha ubaya wa hoteli. Ni ungo unaochekecha wateja, wenye haraka upande mmoja na wasiojali upande wa pili, bila hoteli kulazimika kuwauliza.

Mlango ule wa kutaja bei umefungwa. Priceline iliacha kuutumia kwa tiketi za ndege mwaka 2016, na baadaye ukaondolewa kwenye hoteli pia, ndiyo maana umeutafuta usiuone. Watu walichoka kubahatisha, hasa walipoanza kuhifadhi vyumba kwa simu za mkononi, na kampuni yenyewe ilishapata njia nyingine kubwa zaidi ya biashara, kwani mwaka 2005 iliinunua Booking.com, na tangu mwaka 2018 kampuni mama inaitwa Booking Holdings. Ulichokiona wewe, yaani hoteli zisizo na majina, ni mtoto wa mfumo ule. Priceline inaziita Express Deals, na tovuti nyingine, Hotwire, iliyoanza mwaka 2000 na ambayo sasa iko chini ya kampuni ya Expedia, inaziita Hot Rate. Tofauti na zamani ni moja: siku hizi bei inatajwa na wao, wewe unakubali au unaacha. Mengine yote yako palepale. Unaonyeshwa eneo, nyota, alama walizotoa wageni waliotangulia na orodha ya huduma; unalipa kwanza; jina linafunuliwa baadaye; na fedha hazirudi.

Kwa hiyo, utapeli si neno lake, mradi umeingia kwenye tovuti yenyewe. Ila ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa makubaliano ya wazi kwamba ni mbuzi, kwamba yuko ndani ya gunia, na kwamba ndiyo sababu ya urahisi wake. Lile punguzo unalipata kwa sababu umekubali kuiachia hoteli mambo kadhaa ambayo mgeni wa kawaida anayashikilia: haki ya kuchagua mtaa hasa, haki ya kubadili tarehe, haki ya kuchagua aina ya kitanda, na nafasi yako kwenye foleni ya kupewa chumba kizuri. Swali la kujiuliza ni kama unaweza kuishi bila mambo hayo katika safari hii mahususi.

Suala la kitanda ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa upande wako, kwa hiyo nitakueleza nililoliona mwenyewe. Jioni moja ya mvua alifika baba mmoja na watoto wake wawili wakubwa, koti limelowa, simu mkononi ikionyesha uthibitisho wa malipo. Alikuwa amenunua chumba kisicho na jina. Vyumba vyetu vyenye vitanda viwili vilikuwa vimeshachukuliwa na wageni waliohifadhi moja kwa moja, na kilichobaki kwa daraja alilolipia kilikuwa chumba cha kitanda kimoja, karibu na lifti, ambako mlango hugongagonga usiku kucha. Hakuwa na kosa, nasi hatukuwa tumevunja ahadi yoyote, kwa sababu kwa kawaida vyumba hivi huahidiwa kwa watu wazima wawili na aina ya kitanda haiahidiwi kabisa. Tulimpatia godoro la kukunja, kwa malipo ya ziada. Bado nauona uso wa yule binti mkubwa akilitazama godoro. Wewe unakwenda na mama mwenye magoti mabovu na kijana wa miaka 15, ambaye kitandani anahesabika kama mtu mzima. Sitaki hilo liwakute usiku wa kuamkia harusi.

Jambo la pili linaloumiza watu ni hesabu. Bei inayokuvutia kwenye ukurasa mara nyingi siyo utakayolipa. Tuchukue mfano wa kubuni wa chumba cha dola 129 kwa usiku, kwa siku tatu, ndani ya New York. Bei tupu ni dola 387. Kodi za hoteli katika jiji hilo ni asilimia 14.75, na juu yake kuna dola 3.50 kwa kila chumba kwa kila usiku, kwa hiyo umeshafika dola 454.58. Kama hoteli hiyo ni miongoni mwa zile zinazotoza ada ya lazima ya kila siku, iitwe ada ya huduma au jina lolote, tuseme dola 35, hiyo ni 105 nyingine pamoja na kodi yake, na jumla inakuwa dola 575.07. Chumba cha 129 kimegeuka kuwa cha 191 na senti kadhaa. Kuanzia tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani inazitaka hoteli na tovuti zitangaze bei ikiwa na ada zote za lazima tangu mwanzo, jambo ambalo limewasaidia sana wasafiri, lakini kodi za serikali bado zinaruhusiwa kuongezwa mwishoni. Kwa hiyo usilinganishe bei za ukurasa wa kwanza. Fika ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza kulipa, andika jumla kwenye karatasi, ndipo ulinganishe jumla kwa jumla. Na usisahau gari lako. Maegesho katika Manhattan, yaani katikati ya jiji, yanaweza kumeza punguzo lote ulilolihangaikia, na chumba kisicho na jina hakikuambii maegesho yake ni bei gani.

Usizitegemee sana nyota. Marekani haina chombo cha serikali kinachogawa nyota kwa hoteli. Kila tovuti inajipangia, na hoteli ya nyota tatu na nusu hapa inaweza kuwa ya tatu pale. Alama za wageni zina maana zaidi, hasa zikiwa zimetolewa na watu wengi. Ukiwa na muda, unaweza pia kulifunua gunia kidogo: chukua orodha ya huduma na alama ya hoteli iliyofichwa, kisha tafuta kwenye tovuti hiyohiyo, eneo hilohilo, hoteli zenye majina ambazo orodha na alama zao zinafanana. Mara nyingi zitabaki mbili au tatu. Si udanganyifu, wala hakuna anayekukataza, ila si uhakika pia, kwa hiyo usilipe kama miongoni mwa hizo mbili au tatu kuna moja usiyoitaka. Priceline ina aina nyingine inayofanya kazi hiyo kwa niaba yako, ambapo unaonyeshwa majina ya hoteli tatu na kuahidiwa moja kati yake.

Kuhusu kadi ya debiti, nakuomba ulitilie maanani mapema. Hoteli nyingi, hata kama chumba kimeshalipiwa, hushikilia kiasi fulani kwenye kadi unapofika, kwa ajili ya uharibifu au vitu utakavyotumia. Kwenye kadi ya krediti huenda hata usilihisi hilo. Kwenye debiti ni fedha zako halisi zinazofungwa, na huweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka kabla hazijaachiliwa. Zikishikiliwa dola 50 kwa kila usiku, una dola 200 ambazo huwezi kuzitumia kwa mafuta ya gari wakati wa kurudi Ohio. Ziko pia hoteli zisizopokea debiti kabisa wakati wa kuingia, na ukiwa umelipia chumba kisicho na jina utaligundua hilo ukiwa mlangoni. Hiyo peke yake ni sababu ya kutaka kujua jina la hoteli kabla, ili uipigie simu na kuuliza.

Basi nikipima yote haya, kwa safari hii ushauri wangu ni usinunue chumba kilichofichwa. Nalisema hili nikijua kwamba ulitarajia nikufundishe mbinu. Tarehe zako hazihamishiki, mnahitaji vitanda viwili, mnahitaji lifti, na mnahitaji kuwa upande fulani wa jiji siku ya Jumamosi. Kila kimoja kati ya hivyo ndicho hasa ambacho chumba kisicho na jina hakikuahidi. Zaidi ya hapo, punguzo kubwa hutokea pale vyumba vinapobaki wazi, na Oktoba katika New York havibaki wazi kwa wingi. Kuanzia Septemba hadi Desemba ndio msimu wa bei za juu, na tangu Septemba 2023, jiji lilipoanza kuisimamia sheria inayozuia nyumba nyingi kupangishwa kwa siku chini ya 30, wasafiri wengi waliokuwa wakilala kwenye nyumba za watu wamerudi hotelini.

Fanya hivi badala yake. Kabla ya tovuti yoyote, wapigie simu watu wa kamati ya harusi na uwaulize kama wamezungumza na hoteli yoyote kwa ajili ya wageni wa mbali. Familia nyingi zinazofanya harusi Marekani hupatana na hoteli itenge vyumba kadhaa kwa bei ya kikundi, na aghalabu huwa si mbali na ukumbi. Wageni wengi wa kwetu hawaulizi kwa sababu wanaona aibu, kana kwamba wanaomba kulipiwa. Hauombi kulipiwa, unaomba jina la hoteli na neno la kutaja ili upewe bei ile. Uliza pia mwisho wa kuhifadhi ni lini, kwa kuwa vyumba hivyo hurudishwa sokoni wiki kadhaa kabla ya harusi.

Kama kamati haina kitu, hifadhi sasa hivi hoteli yenye jina, yenye vitanda viwili, kwa bei inayoruhusu kughairi bila gharama hadi siku moja au mbili kabla. Usitafute Manhattan. Kwa dola 200 kwa usiku pamoja na kodi, tafuta Bronx kwenyewe, au kaskazini yake kidogo upande wa Yonkers na New Rochelle, ambako gari linaegeshwa kwa urahisi zaidi na ukumbi wa harusi hauko mbali. Kwa siku mbili za matembezi mnaweza kuliacha gari na kupanda treni ya Metro-North hadi kituo cha Grand Central, Manhattan. Kwa mama mwenye magoti mabovu treni hiyo naiona ni bora kuliko ile ya chini ya ardhi, kwani vituo vya ile ya chini ya ardhi ni 472 na vingi havina lifti. Kisha, kila Jumapili jioni mpaka mtakapoondoka, itazame bei ya hoteli hiyohiyo kwa tarehe hizohizo. Ikishuka, hifadhi upya kwa bei mpya, hakikisha uthibitisho umefika kwenye barua pepe yako, ndipo ughairi ya kwanza. Hii ndiyo namna ya siku hizi ya kupatana bei na hoteli, na inakulinda kwa sababu wakati wote una mahali pa kulala.

Ukishahifadhi, ipigie hoteli yenyewe kwa namba iliyo kwenye uthibitisho. Usiitafute namba kwenye intaneti, maana wapo matapeli wanaoweka namba za uongo zinazojifanya huduma kwa wateja, na hapo ndipo utapeli wa kweli unapotokea. Mtu yeyote atakayekutaka ulipe chumba kwa kadi za zawadi au kwa kumtumia fedha mtu binafsi, kata simu. Waulize mambo matatu: kama wanapokea debiti wakati wa kuingia na wanashikilia kiasi gani, maegesho ni bei gani kwa usiku, na kama wanaweza kukupa chumba cha ghorofa ya chini au karibu na lifti. Kama mama anahitaji bafu lenye vishikio au sehemu ya kuogea isiyo na kizingiti, sema wazi kwamba unahitaji chumba kinachofikika na watu wenye ulemavu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inazihusu hoteli zote za aina hii, na wanatakiwa kukueleza chumba kina nini na kukushikia hichohicho ukishakihifadhi.

Bado kuna nafasi ya vyumba vilivyofichwa katika maisha yako, dada, na sipendi uondoke hapa ukiviogopa. Siku utakayokwenda Chicago peke yako Januari, kwa siku mbili, ukihitaji kitanda kimoja na mlango unaofungwa, fanya yote niliyokueleza: linganisha orodha za huduma, hesabu jumla, subiri hadi siku chache kabla ya safari, ulipe. Katika safari ya namna ile utapata hoteli ambayo usingeimudu kwa bei yake ya wazi. Hata katika safari hii, kama kamati ingekuwa imewapa malazi ya Ijumaa na Jumamosi, ningekuambia ujaribu bahati kwa usiku wa Jumapili, ambao katika New York huwa rahisi kuliko siku nyingine za wiki. Ila kumhamisha mama na mabegi yake katikati ya safari ili kuokoa dola 40 sikuoni kama kuokoa.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi yangu hayatoshi, na yakitokea unahitaji mtu wa kuzungumza naye moja kwa moja. La kwanza ni kama ulishalipia chumba kisichorudishiwa na mambo yamebadilika, mathalani viza ya mama imechelewa. Piga simu kwenye tovuti uliyolipia, eleza kwa utulivu, na uombe waiulize hoteli kwa niaba yako. Wakati mwingine hoteli hukubali ingawa haikulazimika. La pili ni kama umekatwa fedha ambazo hukuziidhinisha, au umefika na chumba hakipo. Hapo nenda benki yako mwenyewe, tawini, ukiwa na uthibitisho uliochapishwa, na upinge malipo hayo bila kuchelewa, kwa sababu kwa kadi ya debiti kuchelewa kunaweza kupunguza kinga yako. Ukikwama, ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Ohio ina kitengo cha kuwalinda walaji na inapokea malalamiko bila malipo. Na kama kuhifadhi kwenyewe kwa simu kunakupa shida ya lugha au wasiwasi, mwanachama wa AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, anaweza kuingia ofisini kwao akahudumiwa na mtu aliyekaa mbele yake.

Jambo dogo la mwisho. Mkishaingia hotelini Ijumaa, kabla hamjapanda chumbani, omba mapokezi kadi mbili za hoteli zenye anwani na namba ya simu. Moja mpe kijana, nyingine mwekee mama kwenye mkoba wake pamoja na namba yako, ili ukumbini Jumamosi usiku, akichoka mapema kuliko ninyi, mtu yeyote wa familia aweze kumrudisha bila kukutafuta.